Ramani ya Mkono wa Ipyana

Siku mkwe wangu alipoingia chumba cha kijua, mimi nilitokea dirishani. Sifanyi mzaha. Mwanamke mzima, mtumishi wa afya mwenye koti jeupe na kitambulisho kifuani, nilipanda juu ya meza ya dawa, nikapitisha mguu mmoja, nikapitisha wa pili, nikajitupa nje na kuangukia kwenye majani ya maboga. Mvua ya Rungwe, ambayo haijui kusamehe, ikanilowesha chapachapa. Mtu wa kwetu akisikia hivyo haulizi kitu. Asiye wa kwetu ataniona kichaa, kwa hiyo bora nimweleze.

Kwetu mkamwana haonani na baba mkwe. Akipita njiani, ninaingia migombani na kumpa mgongo mpaka apite. Simtaji jina, sili mbele yake, simpi mkono, na nikiwa na neno naye napitisha kwa mtu wa tatu. Bibi zetu walikwisha kuanza kuiacha desturi hiyo. Kisha ikaja ile miaka ambayo kila ukuta ulikuwa na jicho, kila mtu akionwa na kila mtu hadi jikoni kwake. Miaka hiyo ilipopita, watu wa kwetu walikumbuka kwamba kutomtazama mtu nako ni kumheshimu. Desturi ikarudi, na safari hii walioirudisha ni vijana. Mimi nilikuwa mmojawapo, tena mwenye domo.

Basi nilikuwa nafanya nini mle ndani hata nikakimbia kwa aibu kiasi hicho? Nilikuwa nimeshikana mkono na mume wangu, ambaye alikufa kabla mtoto wetu hajazaliwa.

Kijua ni jina tuliloipa mashine yetu, kwa sababu huku jua la kweli huonekana kwa nadra. Ukiitazama ni taa tu: mahali pa kulaza viganja, na juu yake mwanga mwekundu pamoja na ule mwingine ulio chini ya wekundu, ambao jicho haliuoni. Wengi wanaoletwa kwake wanakunywa vidonge vya saratani. Vidonge vile vinaokoa maisha, lakini vinajilipa mikononi na miguuni. Viganja vinawaka kama vimeshika sufuria ya moto, vinavimba, vinachanika, vinabambuka, mpaka mtu anashindwa kushika kijiko cha uji wake mwenyewe. Mwanga huingia ndani ya ngozi na kuziamsha chembe zilizochoka, nazo huanza kushona upya. Hilo lilijulikana tangu zamani. Jipya la zama zetu ni ramani.

Ngozi mpya huota bubu. Haijui moto wala baridi, haijui yai linashikwaje. Ni lazima ifundishwe, na inafundishwa kwa ramani ya mguso, iliyochukuliwa kutoka kiganja kizima na kuhifadhiwa katika kioo chenye utando hai. Kijua huusoma utando ule na kuufuatisha kwa mdundo wa mwanga mpaka neva changa zikariri. Ramani nzuri ni ya mgonjwa mwenyewe. Akiwa hana, hutafutwa ya ndugu wa damu. Ukilaza kiganja kizima juu ya kioo, kioo hukusimulia tu: unauhisi mkono wa mwenye ramani umeushika wako. Ukilaza kiganja kilichoumia, kioo hutoa, na kilichotolewa hakirudi. Utando huo hauna nakala. Wataalamu wamejaribu kuunakili, wakapata kioo kitupu.

Ipyana alikuwa mchimbaji wa visima vya mvuke mlimani. Wachimbaji wote walichukuliwa ramani za viganja kabla ya kushuka, maana mvuke huunguza. Kisima kikalipuka, tusipate hata cha kuzika. Nilichopata ni kioo chake, na kwa sheria ya siku hizi kioo cha marehemu ni cha mjane. Wagonjwa walipokwisha, nilikuwa nakitoa, nalaza kiganja changu, na Ipyana ananishika. Alikuwa na mkono mkubwa wenye sugu, lakini alishika kwa tahadhari, kama anayebeba kifaranga cha jirani. Nilimtamani kila siku. Sioni haya kulisema.

Siku ile Naelijwa, nesi wetu mpya, mtu wa Same, alifungua mlango akiwa na furaha ya mtu anayeleta zawadi.

"Dada Subilaga! Baba mkwe wako huyu hapa. Viganja vyake vimechanika, masikini, nimemwambia asingoje, aingie tu!"

Kwao Upareni labda ungekuwa wema. Mimi nikaona ncha ya fimbo mlangoni, na kabla sijaona kilichofuata nyuma ya fimbo, nilikwisha kuwa nje. Katika haraka ya kukimbilia heshima nikaacha kijua kinawaka na kioo cha Ipyana kiko mahali pake.

"Ha! Huyu naye amekwenda wapi?" nilimsikia Naelijwa akishangaa. "Basi, mzee, laza mikono hapa. Naona kimeshawashwa."

Nilitaka kupiga kelele. Kumpigia kelele mkwe! Mdomo niliufungua, nikauziba mwenyewe kwa kiganja. Nikabaki nimechuchumaa chini ya dirisha, maji yakitiririka shingoni.

"Mzee, vipi? Kinauma?"

"Hapana." Kiti kikasogea. "Binti, huu mkono ni wa nani?"

"Mkono upi, mzee?"

"Huu ulionishika. Huu ninaujua mimi. Nimeuvusha Mto Kiwira mara nyingi, ungali mdogo."

Kisha mkwe wangu akalia. Sijawahi kumwona uso, lakini kilio chake nilikisikia chote, na nilishindwa kuondoka pale mpaka kilipokwisha.

*

Nilipoingia ndani nimelowa, Naelijwa alikuwa amekishika kioo kwa mikono miwili.

"Sikujua, dada. Naapa sikujua. Hapa pembeni pamebadilika."

Pembe moja ya utando, ambayo daima ilikuwa na rangi ya chai ya rangi, ilikuwa imepauka. Kidogo tu. Nililaza kiganja kuhakikisha. Ipyana akanishika, ila kidole chake kidogo hakikuwepo.

Nilikasirika. Nilimkasirikia Naelijwa kwa kutojua mila za watu, nikajikasirikia mimi kwa kuzijua mno, na zaidi ya wote nilimkasirikia yule mzee kwa kuja na mikono yake. Kioo kile nilikuwa namtunzia Tumpe. Mtoto haruhusiwi kulaza kiganja chini ya kijua mpaka neva zake zikomae, na Tumpe bado alikuwa mdogo. Nilikuwa nimekwisha kumwahidi: ukianza darasa la kwanza, utashikwa mkono na baba yako. Alikuwa anawaringia wenzake.

"Kimefundisha ngozi yake kidogo," Naelijwa alisema taratibu. "Tukiacha sasa, Tumpe atapata mkono uliopungua. Lakini tukiacha, mzee..."

Hakuhitaji kumaliza. Nilikwisha kumsikia daktari wa Mbeya kwenye kioo cha mawasiliano. Saratani ya mzee ilikuwa inarudi nyuma, vidonge vilikuwa vinafanya kazi yake vizuri. Ila kwa hali ya viganja na nyayo zile, mgonjwa mwenyewe alikuwa ameanza kuvikwepa, na akiviacha hatamaliza mwaka. Ramani yake mwenyewe hakuwa nayo. Alianza dawa kabla kijua hakijaletwa kwetu. Ndugu hakuwa nao. Mama mkwe alitangulia zamani, na mtoto alikuwa mmoja.

"Neno ni lako, dada," Naelijwa alisema. "Bila neno lako siwezi kukiwasha kioo hiki tena."

Nilimwambia afunge milango, nami nikaenda zangu nyumbani.

*

Jiko langu na baraza ya mkwe wangu vimetenganishwa na ukuta wa mianzi. Ipyana aliujenga kwa makusudi, tupate kuishi boma moja bila kuvunjiana heshima. Upande wangu kuna mafiga, upande wake kuna kigoda. Katikati yetu kwa kawaida huwa ni Tumpe, ambaye hupita mlango wowote apendao.

Nilimpakulia babu yake ndizi na maharage, nikampa Tumpe apeleke. Alipofika kwenye pengo la ukuta nikamsimamisha.

"Tumpe, mwambie babu yako aje kituoni kesho tuzungumze habari ya mikono."

"Babu, mama anasema uje kesho."

"Mwambie mama yako siji," sauti ya mkwe wangu ilisema. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata shauri. "Binti wa pale amenieleza yote. Kioo ni cha Tumpe. Mimi sili urithi wa mjukuu wangu."

"Mama, babu anasema hali."

"Muulize basi, vidonge anakunywa?"

Tumpe hakuona haja ya kuuliza. "Hanywi. Anampa jogoo."

Upande wa pili pakasikika kikohozi kirefu. "Mtoto huyu hawezi kutunza siri," mzee alisema. "Mwambie mama yako nilimpa jogoo kimoja tu, naye akakitema. Vingine nimevifukia."

Ningecheka, kama mambo yangekuwa mengine. Kitu fulani kikamvuta Tumpe uani, nadhani kifaranga. Nikasikia nyayo zake zikichapa matope, zikaenda. Tukabaki wawili, mkwe na mkamwana, na ukuta wa mianzi, na mjumbe hayupo. Hapo ndipo mtu mwenye adabu zake anapoingia ndani. Sikuingia. Nilikaa pembeni ya mafiga, kijiko mkononi, nikingoja kusikia kigoda chake kikisogea. Hakikusogea.

"Tumpe," mzee akasema polepole, naye alijua kama ninavyojua kwamba Tumpe hayupo. "Mwambie mama yako mimi ni mzee. Mikono yangu imekwisha kufanya kazi zake. Nilishikwa na mwanangu kwa muda mfupi, imenitosha. Mwambie ndaga. Mwambie asante sana."

Nikaweka kijiko chini.

"Tumpe, mwambie babu yako haijatosha. Mwambie namshika Ipyana kila siku na haijawahi kutosha hata mara moja."

Mzee akavuta pumzi.

"Tumpe, mwambie mama yako ndiyo maana sikitaki. Nitamwacha na nini?"

"Tumpe, muulize babu yako Ipyana alitembea akiwa na umri gani."

Swali hilo lilinitoka tu. Sikujua nalitoa wapi.

"Alichelewa," mzee alisema, na nikasikia uso wake ukibadilika ndani ya sauti. "Alichelewa mno. Mama yake alikuwa anamfukia miguu kwenye mchanga hadi magotini, ipate nguvu. Siku aliyotembea alimfuata mbwa, akaenda naye hadi kwa majirani, tukamtafuta kutwa nzima. Mwambie mama yako tulimkuta amelala, mbwa amemlinda."

Mambo hayo sikuyajua. Miaka yote niliyoolewa na Ipyana hakuna aliyeniambia kuhusu yule mbwa. Mtu pekee aliyejua alikuwa nyuma ya ukuta wangu, akila chakula changu kila siku, akifukia vidonge vyake shambani, na sasa akikataa tiba kwa ajili yetu. Na mimi nilikuwa najiona ndiye mwenye kumkumbuka Ipyana kuliko watu wote.

"Tumpe," nikasema, na sasa machozi yalikuwa yananidondokea kwenye sufuria, "mwambie babu yako kioo kinajua mkono tu. Haya mengine nani atamsimulia mtoto? Kioo kitamshika mara moja kwa siku, kisha anakirudisha kabatini. Mwambie nisipomtoa babu mautini kwa ajili ya kioo, siku Tumpe atakapokua na kuniuliza, sitakuwa na jibu la kumpa. Mwambie aje kesho. Mwambie asinitie dhambini."

Kabla hajajibu, Tumpe alirudi na kifaranga chake, akatutazama mmoja baada ya mwingine kupitia pengo.

"Mnaongea na nani?" akauliza.

"Na wewe," babu yake akamjibu. "Mwambie mama yako nitakuja."

*

Naelijwa alitundika shuka katikati ya chumba. Mkwe wangu akae upande huu, mimi upande ule, kijua katikati, maana mwenye kioo hana budi kuwepo kinapotolewa. Safari hii Naelijwa aliniuliza mapema nani aingie kwanza na nani atokee wapi. Alikuwa anajifunza, na mimi nilikuwa nimeacha kumnunia.

Kabla mzee hajaingia, Naelijwa alinisogelea. "Dada, unataka kuaga?"

Nililaza kiganja. Ipyana akanishika kwa vidole vyake vinne vilivyosalia. Nilikuwa nimejiandalia maneno, nikayasahau yote. Nikamwambia mtoto hajambo. Nikamwambia ameota meno, yakang'oka, anaota mengine. Nikamwambia baba yake anaumwa na mimi ninampa mkono huu, asinikasirikie. Mkono haukujibu, kwa sababu kioo hakisikii. Kinashika tu. Nilipouondoa wangu ilikuwa kama kuamka usingizini na kuukuta upande wa pili wa kitanda baridi.

"Washa," nikasema.

Wiki zikaenda. Kila mzee alipolaza mikono, nilisikia pumzi yake ikitulia nyuma ya shuka, na kila alipoondoka, utando ulikuwa umepauka zaidi. Kwanza kikaondoka kidole cha pete, kisha sugu za kiganja, moja moja. Mara ya mwisho kioo kilikuwa cheupe. Niliweka mkono wangu juu yake kwa mazoea, nikahisi kioo.

Upande wa pili wa shuka Naelijwa alikuwa anashangilia. "Tazama, mzee! Kiganja kama cha mtoto! Finya hapa. Unasikia?"

"Nasikia," mkwe wangu alisema. "Nasikia kila kitu." Sauti yake haikuwa na furaha. Akakaa kidogo, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayemwambia nesi, ingawa maneno hayakuwa ya nesi: "Mikono hii si yangu peke yangu. Ninajua hivyo. Nitaitunza."

Jogoo hakupewa tena kidonge.

*

Nilidhani nilikwisha kufikiri kila kitu. Jambo moja sikulifikiri, na watu wa desturi nyingine wasingelifikiri pia.

Mkono wa Ipyana sasa unaishi bomani kwangu. Unashika mpini wa jembe asubuhi, unamenya ndizi, unamtekenya Tumpe. Neva za mzee zimekariri mshiko wa mwanawe. Naelijwa aliupima, akasema umefanana kwa kila kipimo. Na katika mikono yote ya dunia hii, huo ndio mmoja nisioruhusiwa kuugusa.

"Si umshike tu!" Naelijwa aliniambia siku moja tukipanga vioo kabatini. "Mara moja. Msalimie kama watu wanavyosalimiana. Nani atakuona?"

"Mimi nitajiona."

"Hata yeye angekubali, dada."

"Ndiyo maana siendi," nikamwambia. "Angekubali. Angenipa kwa kunihurumia, na mimi nisingekuwa nashika mkono wa mkwe. Ningekuwa nashika mume, kwenye mwili wa baba yake. Hapo tungekuwa tumemkosea adabu Ipyana sote wawili."

Naelijwa akaguna, akaendelea kupanga vioo. Mimi najua nilisema kweli. Najua pia kwamba jioni nasimama migombani nikiwatazama kwa nyuma wakienda kuangalia ng'ombe, mzee na mjukuu, mkono ndani ya mkono. Nautazama ule mkono mpaka wanapopotea kwenye shamba la chai la jirani. Hamu yake inanishika hapa, chini ya mbavu, na hainiachi hadi wanaporudi.

Leo uvumilivu umeniishia. Tumpe ameingia jikoni na ndizi mbivu, nusu mdomoni, nusu mkononi, nikachuchumaa mbele yake.

"Babu anapokushika mkono, anakushikaje?"

"Anashika tu."

"Nionyeshe."

Ameifuta mikono kwenye gauni, akanikamata vidole viwili, akaviminya kwa nguvu zake zote. Nimefumba macho. Nimengoja. Ulikuwa mkono mdogo wenye ulojo wa ndizi, wa mtoto anayetaka kumaliza akacheze, na hapakuwa na mtu mwingine ndani yake.

"Sivyo," Tumpe mwenyewe amesema, akaniachia. "Babu hashiki hivyo. Babu anashika kama utavunjika. Ngoja."

Amenishika upya, ulimi nje, uso umekunjamana kwa bidii, akilegeza kidole kimoja kimoja.

"Bado sivyo," amesema.

"Bado," nimemwambia. "Jaribu tena, mama."